Jinsi ya kusoma matabaka ya Oldupai: anza na udongo, fuvu liache mwisho

Wageni wengi wakifika korongo la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, ratiba inakuwa hivi: gari linasimama njiapanda kwenye yale mafuvu mawili makubwa ya sanamu, picha, mnashuka makumbusho, mnaangalia fuvu la Zinj, yule binadamu wa kale wa magego makubwa (lile la pale ni nakala, lenyewe halisi liko Dar, Makumbusho ya Taifa), mnakaa mnapewa maelezo huku mnakula, afu dereva anaanza kuangalia saa sababu anataka afike Seronera mapema. Sio mbaya. Ila ukiondoka hapo utakuwa umeona kitu kimoja ambacho, kwa habari ya hali ya hewa ya kale, kinasema machache kuliko vyote vilivyokuzunguka. Fuvu linakuambia nani alikuwepo. Mvua ilikuwa kiasi gani, kulikuwa na miti au nyasi tupu, maji yalikuwa ya kunywa au ya magadi, hayo yako kwenye udongo uliolifunika lile fuvu na kwenye vijino vya panya ambavyo hamna mtu anavipiga picha.

Huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kukaa pale masaa kadhaa akili ikiwa imetulia. Mwanafunzi wa jiografia, mwalimu anayepeleka darasa, muongoza watalii mpya ambaye amechoka kurudia maneno yale yale, au wewe tu mdau unayependa haya mambo. Mpangilio wangu ni mmoja na nitaung'ang'ania mpaka mwisho: udongo kwanza, umri wa pili, wanyama wadogo, wakubwa, binadamu anakuja akishapangiwa mahali pa kukaa.

Hatua ya 1: fanya jaribio la chupa nyumbani kabla hujaenda

Usicheke, hii inasaidia kuliko kusoma kurasa ishirini. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia changarawe kidogo, mchanga, udongo wa bustani na udongo wa mfinyanzi, jaza maji, tikisa sana, weka mezani uiache. Changarawe inafika chini hapo hapo, mchanga unafuata, ule mfinyanzi unabaki umeelea masaa na masaa, kesho yake ndo unakuta umekaa juu kama kautando. Sasa umeshapata ufunguo wa kwanza: ukikuta tabaka nene la mfinyanzi laini sana ujue maji yalikuwa yametulia muda mrefu, yaani ziwa au kinamasi. Ukikuta mawe ya mviringo na changarawe ni mto uliokuwa unakimbia, na mto wa hivyo mara nyingi ni wa mafuriko ya msimu. Ukikuta chembe laini za ukubwa mmoja zilizopangwa kwa mistari ya mshazari, bila kokoto hata moja, hapo fikiria upepo.

La pili kamulia ndimu au siki kwenye kipande cha tumbawe au chokaa. Kinatoa povu. Mfinyanzi mweupe hautoi. Hilo jaribio libaki huko huko nyumbani, usije ukabeba siki ukaimwagia ukuta wa Oldupai, ila akilini ujue kwamba weupe kwenye udongo una maana mbili tofauti na hazifanani hata kidogo.

Hatua ya 2: simama juu, tafuta sakafu

Nenda asubuhi au jioni, sio saa saba mchana. Jua likiwa limeinama kingo za matabaka zinatokeza, likiwa utosini kila kitu kinakuwa rangi moja ya vumbi. Beba darubini kama unayo.

Korongo lote lina urefu wa kama kilomita 48 na kina kinachofika mita 90 hivi sehemu nyingine. Kitu ambacho watu wanachanganya: matabaka ni ya zamani sana lakini korongo lenyewe ni la juzijuzi ukilinganisha. Udongo na majivu yalijikusanya taratibu kwenye bonde lililokuwa wazi, tabaka juu ya tabaka, kwa karibu miaka milioni 2, halafu baadaye sana ardhi ikapasuka na kushuka, mto ukakata kuanzia juu kwenda chini, ndo maana leo tunaona pembeni kitu ambacho kingekuwa kimefunikwa. Bila ule mto tusingejua chochote, tungekuwa tunapita juu yake tunachunga ng'ombe.

Sakafu ni lava nyeusi, inaonekana chini kabisa sehemu sehemu. Juu yake kuna Tabaka I, halafu II, III na IV, hizi ndo namba alizotoa mtaalamu wa miamba Hans Reck kwenye safari yake ya 1913 na mpaka leo zinatumika, juu zaidi kuna Masek, Ndutu na Naisiusiu. Ukisimama pale makumbusho utaona mnara wa udongo mwekundu umebaki peke yake katikati ya bonde, huo wekundu ndo Tabaka III. Anza kuhesabu kutokea hapo: chini ya nyekundu ni II, chini zaidi ni I. Ukishaweza hivyo umeshawapita wageni wengi sana.

Na vile vifupisho utakavyoviona kwenye maandiko, FLK, BK, MNK, ile K ya mwisho ni korongo tu, yaani vikorongo vidogo vinavyoingia kwenye kubwa, ambavyo akina Leakey, yaani Louis na mkewe Mary waliochimba hapa, walivipa majina ya watu wao. FLK ndo alikopatikana Zinj, kuna jiwe la kumbukumbu.

Hatua ya 3: soma rangi na mguso, hapa ndo kwenye hali ya hewa

Hapa tulia, usikimbilie mifupa.

Kwenye Tabaka I na chini ya Tabaka II, sehemu za katikati ya bonde, kuna mfinyanzi laini wa kijani-kijani au kahawia. Ziwa hilo. Lilikuwa na upana wa kilomita kumi hivi, likitanuka na kunywea, na halikuwa na mto wa kutolea maji nje, kwahiyo chumvi na magadi vikawa vinabaki vinajirundika. Tunajuaje? Sababu ndani ya mfinyanzi kuna madini ambayo yanajitengeneza kwenye maji ya magadi tu, pamoja na fuwele za chokaa. Ukitaka kuona ndugu wa ziwa lile yapo hai mpaka leo, Natron na Magadi. Kwahiyo yule anayesema "kulikuwa na ziwa, basi wale wa kale walikuwa wanakunywa hapo" ajaribu kwanza kunywa maji ya Natron.

Walikunywa wapi sasa? Pembeni. Upande wa mashariki wa lile ziwa kulikuwa na maji ya mvua yanashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, yanazama ardhini na kutokea kama chemchemi karibu na ufukwe. Mtaalamu wa miamba Gail Ashley na wenzake walikuta chokaa ya chemchemi karibu kabisa na FLK, ile aina ya chokaa inayojijenga pale maji baridi yanapotoka ardhini. Yaani kipindi ambacho ziwa limenywea na nyika imekauka, kulikuwa na kisehemu kidogo chenye maji matamu na miti, na ndo hapo hapo kumejaa mifupa na mawe yaliyochongwa. Mi naona hiki ni kitu kikubwa kuliko fuvu lenyewe, maana kinakuambia kwanini lile fuvu lilikuwa pale na sio kilomita tano mbele.

Ukipanda kwenda juu, ndani ya Tabaka II kuna sehemu inaitwa Lemuta, majivu ya volkano yaliyosukumwa na upepo, yamepangwa kwa ule mshazari niliosema. Ukavu huo. Ziwa lilipungua sana kipindi hicho, na kuna faida moja ikatokea: mawe ya jamii ya gumegume yaliyokuwa yamejitengeneza kwenye tope la ziwa yakabaki wazi, na wale waliokuwepo wakayachukua wakachonga zana. Maji yakirudi juu gumegume linapotea tena kwenye zana. Kwahiyo hata rundo la mawe makali linaweza kukuambia kina cha ziwa, ukijua jiwe limetoka wapi.

Tabaka III ni jekundu sababu chuma kwenye udongo kimeshika kutu. Ili kishike kutu hivyo udongo lazima uwe juu ya maji muda mrefu, unapata hewa, unalowa na kukauka. Ziwa hapo halipo tena, ni mito ya msimu na tambarare.

Mwisho angalia vidonge vyeupe na mikanda migumu myeupe ndani ya udongo. Hiyo ni chokaa inayojitengeneza kwenye udongo wenyewe sehemu ambazo mvua inakuja msimu mmoja, inazama kidogo, afu jua linaivuta juu na chokaa inabaki. Sehemu ya mvua nyingi mwaka mzima huwezi kuikuta, inaoshwa. Hivi vidonge vitunze akilini nitavirudia kwenye meno.

Usiondoke na picha ya mstari ulionyooka, eti zamani mvua, baadae ukame, basi. Dunia inayumba kwenye mhimili wake, na kule kuyumba kunabadilisha nguvu ya masika zetu kila baada ya miaka kama 20,000 hivi. Watafiti waliochimba tope la lile ziwa wakachuja nta ya majani ya kale (ndiyo, nta ya jani inaweza kudumu karibu miaka milioni 2 ndani ya tope) walikuta mimea ilikuwa inageuka, misitu ya wazi inakuja, nyasi tupu zinakuja, miti inarudi, mara kadhaa ndani ya kipindi cha miaka laki mbili tu. Kwahiyo mtu akikuuliza "Oldupai ya kale kulikuwa kukavu au kubichi" muulize anamaanisha sentimita ngapi kutoka chini.

Hatua ya 4: tafuta majivu, ndo saa

Hili watu wanakosea mno: kipimo cha umri cha kaboni 14 hakifiki huku. Kinaishia kwenye miaka 50,000 hivi, baada ya hapo hamna cha kupima. Ukisikia mtu anasema Zinj alipimwa kwa kaboni, mrekebishe kwa upole.

Kinachopimwa ni majivu ya volkano. Ndani yake kuna fuwele zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu inageuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana. Lava na majivu yakiwa ya moto agoni inatoka yote, yakipoa saa inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Garniss Curtis na Jack Evernden walifanya hivyo kwa majivu ya Tabaka I, na 1961 wakatoa jibu la miaka milioni 1.75. Louis Leakey mwenyewe alikuwa anakadiria kama laki sita, kwahiyo hebu fikiria mshtuko. Vipimo vya sasa vimesogeza sogeza kidogo, lakini picha ni ile ile, Tabaka I ni kati ya milioni 2 na milioni 1.8.

Kwa hiyo ukiwa ukutani tafuta mikanda myembamba ya kijivu au nyeupe isiyofanana na ya juu wala ya chini yake, inayoendelea mbali bila kukatika. Mfupa haupimwi, unabanwa: mkanda mmoja chini yake, mwingine juu yake, mfupa uko katikati ya tarehe mbili. Ukuta usiokuwa na majivu ni ukuta usiokuwa na tarehe, na tuna bahati kwamba milima ya Ngorongoro, Olmoti hasa, ilikuwa inalipuka hovyo kipindi kile.

Na kuna saa nyingine ya sumaku. Lava ikipoa inashika uelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati huo, na huo uelekeo huwa unageuka kaskazini kuwa kusini. Kuna kipindi kifupi cha uelekeo kama wa leo, karibu miaka milioni 1.9 hadi 1.8 iliyopita, ambacho wataalamu duniani kote wanakiita Olduvai (ndo Oldupai kwa tahajia ya zamani) sababu kilitambuliwa kwenye lava ya hapa hapa. Mtu anachimba tope la bahari huko Atlantiki anaandika jina la korongo letu kwenye daftari lake.

Hatua ya 5: uliza kama mfupa ni mwenyeji

Mfupa kuwepo ndani ya tabaka haina maana umezeekea humo. Mvua inashusha vitu kutoka juu, wanyama wanachimba mashimo, na watu wanazika watu wao.

Kesi maarufu ni ya huyo huyo Reck. 1913 timu yake ilikuta mifupa ya mtu mzima kabisa ndani ya Tabaka II, amekunjwa, Ulaya ikachanganyikiwa: binadamu kama sisi wa umri ule! Ugomvi ukaenda mpaka miaka ya 1930. Mwisho ikaonekana ni kaburi, mtu alichimbiwa na kuzikwa kwenye tabaka la zamani, na kaboni (hapa sasa ndo mahali pake) ikaja kusema miaka kama 17,000. Dalili zilikuwepo pale pale: alikuwa amekunjwa kwa mkao wa kuzikwa, na mifupa imekamilika wakati mingine yote kwenye lile tabaka ni vipande.

Kwahiyo jiulize mambo matatu. Rangi ya mfupa inafanana na ya mifupa mingine ya tabaka hilo? Udongo ulioganda kwenye vitundu vyake ni wa tabaka hilo? Kingo zake ni kali au zimelainishwa kwa kubingirishwa na maji? Mfupa uliolala juu tu ya mteremko hesabu umetoka popote juu ya hapo, kamwe sio chini. Zinj mwenyewe alianza kama kipande kinachochungulia mteremkoni, Mary Leakey akakiona tarehe 17 Julai 1959, lakini uzito wake ulikuja baada ya kuchimba na kukuta sehemu iliyobaki ya fuvu ingali ndani ya udongo wake, chini ya majivu.

Hatua ya 6: shuka kwa wadogo

Tembo anatembea mbali. Leo yuko kwenye nyika kavu kesho yuko msituni, kwahiyo mfupa wa tembo kuhusu mazingira unakudanganya kistaarabu kabisa. Panya hana nauli. Anazaliwa, anaishi na kufa ndani ya eneo dogo, na kila aina ina mahali inapopapenda: wengine majani marefu yenye unyevu, wengine vichaka, wengine mchanga mkavu.

Rundo la mifupa ya panya linatoka wapi? Bundi. Anameza mzima, afu anatapika donge la manyoya na mifupa chini ya tundu lake, usiku kwa usiku miaka na miaka. Mtafiti Peter Andrews alionyesha kwamba sehemu ya mifupa midogo ya Oldupai ina alama za kumeng'enywa na walaji wa aina hii. Hapo lazima uwe makini kidogo sababu kila mlaji ana chaguo lake, bundi mmoja anapenda fulani kuliko fulani, kwahiyo unachohesabu ni sahani ya bundi kabla hakijawa kijiji cha panya.

Ukishakubali hilo, mfuatano wa Tabaka I unasomeka vizuri: chini kuna panya wa majani mengi na unyevunyevu, ukipanda juu karibu na mwisho wa tabaka wanaongezeka panya wa nchi kavu. Hata fuko uchi, yule asiye na manyoya anayeishi kwenye ardhi kavu ya Somalia, Ethiopia na Kenya, ndugu zake wamepatikana Oldupai.

Ongeza samaki na mamba. Kambare na perege wapo, na hao wanavumilia maji mabovu, kwahiyo usiwachukulie kama ushahidi wa maji safi. Mamba wa pale alipewa jina rasmi 2010, Crocodylus anthropophagus, yaani mla watu, sababu kuna mifupa ya binadamu wa kale yenye alama za meno ya mamba. Chemchemi ilikuwa na gharama zake.

Hatua ya 7: sasa wakubwa, ila angalia meno

Usianze na majitu ya ajabu japo yapo, kuna nyati wa pembe ndefu kupita kiasi, kiboko ambaye macho yake yametokeza juu kama anachungulia ukuta, tembo wa aina iliyopotea. Anza na swala. Tohe anataka majani mabichi karibu na maji. Jamii ya nyumbu na kongoni wanataka uwanda wa nyasi. Kwenye Tabaka I uwiano unabadilika, tohe na jamaa zake wa maji wako wengi katikati, juu wanaongezeka wa nyika. Panya wamesema kitu, swala wamekubali, udongo ulishasema mwanzo. Mashahidi watatu wasiojuana wakisema neno moja hapo unaweza kulala usingizi.

Afu kuna kemia. Mimea ina njia tofauti za kushika kaboni kutoka hewani na kila njia inaacha alama yake. Nyasi za nchi ya joto, pamoja na mahindi, mtama na miwa, ziko kundi moja. Miti, vichaka, matunda, ngano, mpunga na maharage kundi lingine. Mnyama akila, alama inabaki kwenye enameli ya jino na haitoki hata baada ya miaka milioni. Na vile vidonge vyeupe vya chokaa nilivyosema navyo vinabeba alama ya mimea iliyoota juu ya udongo huo, kwahiyo jino linakuambia mnyama alikula nini na kidonge kinakuambia kilichokuwa kimeota ni nini, vikitofautiana ujue mnyama alikuwa anachagua.

Sasa ndo Zinj aingie. Magego yake makubwa mno na mataya yake yalimpa jina la utani la mvunja karanga, kila mtu akaamini alikuwa anapasua mbegu ngumu. Kemia ya enameli ikaja kusema sehemu kubwa ya chakula chake, karibu robo tatu au zaidi, ilikuwa kwenye kundi la nyasi, au mafunjo na ndago za kandokando ya maji, na taya la ndugu yake wa Peninj karibu na Natron, aliloliona Kamoya Kimeu 1964, likatoa jibu hilo hilo. Magego yale yalikuwa ya kutafuna kutwa nzima vitu vyenye mchanga na nyuzi. Ukirudi kwenye udongo unaona inakaa: ziwa la magadi, chemchemi pembeni, mafunjo yamezunguka.

Hatua ya 8: nenda kwenye mchanga unaohama

Usiuruke huu, wengi wanaona ni kivutio cha picha tu. Ni tuta la majivu meusi ya volkano ya Oldoinyo Lengai, umbo la mwezi mwandamo, urefu wa kwenda juu kama mita 9, na upepo wa mashariki unalisukuma kwenda magharibi kama mita 17 kwa mwaka, kuna alama za miaka zimeachwa nyuma yake. Chukua kiganja kimoja urushe juu, chembe zinashikana sababu zina sumaku. Ukikaa upande wa nyuma wa upepo utaona chembe zinaporomoka na kujipanga mshazari. Huo mshazari ndo ule uliouona Lemuta. Hapo hauna haja ya kuamini maneno ya mtu.

Na ukiendelea kwenda Serengeti, zile mbuga za nyasi fupi zisizo na mti, ni kazi ya majivu hayo hayo: chokaa yake imeganda chini kidogo tu ya ardhi ikatengeneza sakafu ngumu, mizizi ya miti haipiti, nyasi ndo zinaweza, na nyasi zenyewe zina madini mengi ndo maana nyumbu wanakwenda kuzalia pale mwezi wa pili.

Hatua ya 9: Laetoli, jifunze kusoma kisichokuwepo

Laetoli iko kama kilomita 45 kusini. Inajulikana kwa nyayo za binadamu wa kale zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Nyayo zenyewe zimefukiwa ili zisiharibike, kwahiyo utaona nakala makumbusho. Ni za miaka milioni 3.66, zilipatikana 1978, miaka miwili baada ya mtafiti Andrew Hill na wenzake kuziona nyayo za wanyama katikati ya mchezo wa kurushiana kinyesi cha tembo. 2015 timu ya Watanzania, akina Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, ikapata nyingine karibu na pale pale.

Wewe angalia majivu. Yana vitobo vya matone ya mvua. Manyunyu mepesi yalidondoka juu ya majivu mabichi, jua likayakausha yakaganda, halafu yakafunikwa na majivu mengine. Mvua kubwa ingesomba kila kitu, ukame mtupu usingeyagandisha, kwahiyo wanaona ni mwisho wa kiangazi mvua zikiwa ndo zinaanza kuchungulia. Ni nadra sana kupata msimu, sio karne.

Halafu hesabu wasiokuwepo. Kwenye matabaka hayo kuna twiga, faru, sungura, kanga, mayai ya mbuni, konokono wa nchi kavu, hata vichuguu vya mchwa. Kiboko hamna. Mamba hamna. Kwenye mifupa maelfu kukosekana kwao sio bahati mbaya, hapakuwa na maji ya kudumu, na waliotembea pale kwa miguu miwili waliishi bila ziwa.

Kama Oldupai iko mbali

Njia ni ile ile popote. Uko Mombasa au Unguja, lile jiwe la matumbawe chini ya nyumba ni mwamba wa bahari uliokufa, sehemu yake kubwa ni ya miaka kama 125,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto na bahari ikiwa juu mita kadhaa kuliko leo. Uko Turkana, tafuta mistari ya magamba ya konokono mbali na juu ya maji, ziwa lilifika huko miaka elfu kadhaa iliyopita wakati hata Sahara ilikuwa na majani. Uko Lindi, Tendaguru, matabaka yenye mifupa ya dinosaria ya miaka milioni 150 yanapokezana na matabaka ya makombe ya bahari, yaani pwani ilikuwa inaingia na kutoka.

Ukikuta mfupa mwenyewe

Shambani, kwenye korongo la mmomonyoko, machimbo ya mchanga, popote. Usiung'oe. Ukishaung'oa umepoteza hatua ya 1 mpaka ya 5 kwa mkupuo mmoja. Piga picha ukiwa na sarafu au kalamu pembeni kwa ajili ya ukubwa, nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta mzima na tabaka ulimolala, hifadhi lokesheni kwenye simu, usiuoshe, ukiwa unamomonyoka na mvua inakuja funika na udongo wa pale pale na turubai. Toa taarifa serikali ya kijiji na Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, kwa Kenya ni makumbusho ya taifa ya huko. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, kuchukua na kuuza ni kosa, na wanunuzi wa mjini wanaosema wanalipa vizuri wanajua hilo kuliko wewe. Na tafadhali ile lokesheni usiiweke stetasi.